Kabla ya kulipa kodi nyingine Nairobi, hebu shuka Voi kwanza

Hebu tupige hesabu kidogo, wewe na mimi.

Tuseme unakaa Rongai au Githurai na kazi iko katikati ya jiji. Asubuhi masaa mawili barabarani, jioni mengine mawili, na hiyo ni siku ambayo mvua haijanyesha. Hayo ni masaa 4. Kwa wiki ya siku 5 ni masaa 20. Toa likizo na sikukuu, tubaki na wiki 48 kwa mwaka: masaa 960. Sasa gawa kwa 24. Unapata siku 40 kamili, mchana na usiku, umekaa kwenye kiti cha matatu ukitazama bampa ya gari lililo mbele.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Huyu wako akimaliza arobaini zake hakamatwi. Mwaka unaisha, anaanza upya.

Sikuambii haya nikikucheka. Nami nimeibiwa siku hizo kwa miaka mitano. Kisha kandarasi yangu ikakatika, nikaanza kuhariri maandishi ya watu kupitia mtandao. Jamu ikaniacha, lakini kodi haikuniacha. Nilikuwa nalipa bei ya Nairobi ili nijifungie kwenye chumba kimoja, dirisha likitazama ukuta wa ploti ya jirani, nikifanya kazi ambayo ningeifanya popote penye stima na mtandao. Siku moja rafiki yangu wa chuoni aliyepata kazi Voi akanipigia simu: "Manze, si ukuje wikendi upumue?"

Nilibeba nguo za siku mbili. Huu ni mwezi wa kumi na sita.

Nitakueleza tamu na chungu, kwa sababu kwenye mitandao ya kijamii huonyeshwa tamu tu.

Voi ni wapi hasa?

Ikiwa umewahi kwenda Mombasa kwa basi, Voi umeipita, pengine ukiwa usingizini. Iko kilomita 330 hivi kutoka Nairobi, na zikibaki kama 150 ufike Mombasa. Wasafiri wengi huijua kama mahali pa kujisaidia, kununua maji na kunyoosha miguu.

Inasimuliwa kwamba jina la mji lilitokana na Kivoi, mfanyabiashara Mkamba wa karne ya 19 ambaye misafara yake ilipitia hapa kuelekea pwani. Reli ilifika miaka ya mwisho ya karne hiyo hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili wakapigane na Wajerumani waliotawala ng'ambo ya mpaka. Makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo yangali mjini. Kwa hivyo huu si mji uliozaliwa jana. Ni mji ambao watu wamezoea kuupita tu.

Ndio mji mkubwa zaidi katika Kaunti ya Taita Taveta, ingawa makao makuu ya kaunti yako Mwatate. Lakini huo ukubwa usikutishe. Katikati ya mji utapazunguka kwa miguu ukiwa na mfuko wa mboga mkononi, na ukichoka, boda ipo. Kutoka Nairobi, panda ile treni ya SGR ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani. Utashuka Voi mnamo adhuhuri, na jua litakupokea bila salamu.

Kwanza njoo kama mgeni

Usihame kwa sababu ya makala. Njoo kwanza likizo, siku tatu au nne, na uje na wenzako, kwa sababu kuna jambo moja ambalo mtu mmoja hawezi kulimudu kwa urahisi: gari la kuingia mbugani.

Lango la Voi la Mbuga ya Tsavo Mashariki liko kilomita chache tu kutoka mjini. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na zikiunganishwa, Mashariki na Magharibi zina zaidi ya kilomita mraba 20,000. Humo ndimo utawaona ndovu wekundu. Si rangi yao ya kuzaliwa, ni vumbi la udongo wa Tsavo wanalojimwagia mgongoni. Boda haiingii mbugani, kwa hivyo changeni doo mkodi gari, mlipe kiingilio mapema kupitia eCitizen, na mfike langoni asubuhi mapema kabla ya jua kuwafukuza wanyama vichakani. Bwawa la Aruba, mwamba wa Mudanda na maporomoko ya Lugard kwenye Mto Galana yatakumaliza chaji ya simu.

Kesho yake, geukia upande wa pili. Panda matatu ya kwenda Wundanyi kupitia Mwatate. Barabara inapanda milima kwa kona kali, na kila kona hewa inabadilika. Asubuhi ulikuwa unatokwa jasho Voi, na sasa unatafuta sweta. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na mara nyingi kimejifunika ukungu. Kwenye mabaki ya misitu ya Taita kuna ndege, kama apalisi wa Taita, ambao hawapatikani kwingine popote duniani. Tafuta kibanda cha chakula, uitishe kimanga, ule ugundue kwamba muhogo na maharagwe vikipondwa pamoja na mtu anayejua kazi yake, havihitaji sifa nyingi.

Ukirudi Voi jioni, keti nje na chai, mahamri na mbaazi, ukiangalia mlima wa Sagalla ukibadilika rangi. Kisha jiulize swali moja: mara ya mwisho uliangalia jua likitua bila kuwa kwenye foleni ya matatu ilikuwa lini?

Sasa tuongee kazi

Hapa ndipo vijana wengi hudanganyana. Voi haina kazi zilizopangwa mezani zikikusubiri. Ukija kutafuta ajira ya ofisi, utakuta wenyeji wenye digrii wanaitafuta hiyo hiyo, na wao wana haki ya kukuuliza ulitoka wapi.

Kuna watu wa aina mbili ambao nimeona wakisimama hapa. Wa kwanza ni wale wanaokuja na kazi yao mkononi: wanaoandika, wanaochora, wanaotengeneza programu, wanaojibu wateja kwa simu. Kama ni wewe, usisikie tu kwamba mtandao upo. Keti ndani ya nyumba unayotaka kukodi, saa ya kazi, upige simu ya video. Ikikwama, tafuta nyumba nyingine.

Wa pili ni wale wanaoleta kitu ambacho mji unakihitaji. Jirani yangu, kijana wa miaka 27 aliyekuwa akiuza viatu Gikomba, alikuja na magunia mawili ya mitumba. Mwezi wa kwanza aliuza mpaka akaniambia nimwitie ndugu zake. Mwezi wa pili akakaa kwenye kibanda akipigana na nzi. Kila aliyehitaji kiatu alikuwa amekinunua! Alitaka kurudi. Mzee mmoja wa hapo sokoni akamwambia, "Mwanangu, huko kwenu unauzia watu wengi mara moja. Huku unauzia watu wale wale mara nyingi."

Yalikuwa maneno machache, lakini yalibadilisha biashara yake. Akaanza kuwauliza wateja wanataka nini kabla ya kwenda kununua. Akaanza kufuata siku za soko Mwatate na Taveta. Na aliacha kabisa kuuza viatu vya kubandikwa gundi, kwa sababu kiatu kikifunguka mdomo Ijumaa, Jumapili utakutana na mwenyewe kanisani, naye atakuwa amekivaa.

Ukiwa na subira ya kujifunza, ardhi hii ina mambo yake. Kuna utalii. Kuna mkonge. Kuna mboga na ndizi zinazoshuka kutoka milimani kila siku zikielekea Mombasa. Kuna vito, hasa savoraiti, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo, na mjini Voi kuna kituo kilichojengwa kwa ajili ya kuyaongezea mawe thamani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, hufunza uhandisi wa madini. Lakini kwenye vito nenda polepole. Ni biashara ya leseni na ya macho yaliyozoea, na mtu wa kwanza kukuita "bro" akiwa na jiwe kwenye karatasi si lazima awe ndugu yako.

Siku niliyojua nimehama

Kuna kisa kimoja ambacho huwa nakisimulia kila ninapoulizwa kwa nini sirudi.

Mwaka wangu wa mwisho Nairobi niliugua homa nikalala siku nne. Ploti yetu ilikuwa na nyumba zaidi ya thelathini. Siku ya tano mlango ulibishwa, nikajikokota kufungua, nikidhani kuna aliyegundua sionekani. Alikuwa mtu wa landilodi. Tarehe 5 ilikuwa imepita.

Mwezi wa nne Voi, homa ikarudi. Nilikuwa nakaa Mwakingali, na kila jioni nilikuwa nikinunua mboga kwa mama mmoja kwenye kona. Siku ya kwanza sikutoka. Siku ya pili saa kumi jioni nikasikia, "Hodi! We kijana wa tarakilishi, uko salama?" Alikuwa ameacha meza yake ya mboga chini ya uangalizi wa mtu mwingine akaja kuniuliza kwa nini sijanunua sukuma siku mbili. Sikuwa nimewahi kumwambia ninakoishi. Hakuhitaji kuambiwa. Nusu saa baadaye nilikuwa kwenye boda, nimekaa kati ya dereva na kijana wake, tukielekea kliniki. Ilikuwa malaria.

Nilipopona nilimpelekea pesa za boda. Alizikataa, akaniambia, "Siku moja nawe utamuulizia mtu."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba huo ndio mkataba wenyewe wa mji mdogo. Mji mdogo hauuzi hewa safi peke yake. Unakuuzia kujulikana. Na malipo yake si pesa. Ni nawe kuwajua wengine, kujua nani ana mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amemaliza shule. Hapa ukipita watu bila kuwasalimia huonekani kama mtu mwenye haraka, unaonekana kama mtu mwenye kiburi. Ile "niaje" yako ya kupita ukitazama simu haitoshi. Utasimama, utauliza habari za nyumbani, utangoje jibu.

Machungu yake

Kujulikana huko huko kuna upande wa pili. Mgeni wako akishuka kwenye boda saa tatu usiku, saa tatu na robo muuza chapati anajua alivaa nini. Kama wewe ni binti unayeishi peke yako, utaulizwa maswali ambayo Nairobi hakuna mwenye muda wa kuyauliza. Kama mavazi yako, nywele zako au maisha yako hayafanani na ya wengi, utatazamwa, tena kwa muda mrefu. Nairobi ina upweke, lakini ndani ya upweke huo mna uhuru. Usije huku ukiwa hujaupima uhuru huo unaouacha.

Kisha maji. Hili ndilo lililonikasirisha zaidi. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, katika kaunti hii hii, na tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka maji yake Mombasa. Lakini kuna wiki ambazo mfereji wa nyumbani kwangu Voi hutoa hewa tu. Nimejifunza kuwa na mapipa mawili na kujua jina la anayesukuma mkokoteni wa maji. Ukienda kuangalia nyumba, usiulize kwanza kama ina vigae. Uliza tangi la maji ni la lita ngapi na lilijaa mara ya mwisho lini.

Joto nalo si utani. Kuna miezi ambayo kati ya saa saba na saa kumi mchana akili inakataa kazi. Mimi hufanya kazi ngumu alfajiri, nalala mchana bila aibu, kisha narudi kwenye meza jioni.

Na ndovu wale uliowapiga picha? Kwa mkulima wa pembezoni mwa mbuga, ndovu ni mgeni anayeingia shambani usiku na kumaliza mahindi ya msimu mzima. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii iko ndani ya mbuga za Tsavo, kwa hivyo watu na wanyama wanabanana. Upande wa Sagalla kuna wakulima wanaotumia ua wa nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kulizunguka shamba, na ndovu akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Mkulima anabaki na mahindi na asali pia. Ni akili nzuri, lakini isikufanye usahau: usitembee ovyo usiku karibu na mbuga, na usimcheke mwenyeji anayemchukia mnyama unayempenda.

Mwisho ni huduma. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapa Voi, na kwa malaria yangu hata kliniki ya mtaani ilitosha. Lakini ukiwa na ugonjwa unaohitaji daktari bingwa kila mwezi, uliza kwanza kama yuko, la sivyo akiba ya kodi itaishia kwenye nauli.

Kabla ya kufunga virago

Kama bado unasoma, pengine kuna kitu kinakusukuma. Basi fanya hivi.

Njoo likizo kama nilivyokwambia. Halafu njoo mara ya pili, wiki mbili, na usije na kamera. Njoo na kazi yako. Amka, fanya kazi, pika, fua, nenda sokoni, choshwa. Kila mji unapendeza ukiwa likizoni. Wiki ya pili, Jumanne saa nane mchana, joto likiwa kileleni na marafiki zako wote wakipeana picha za Nairobi, hapo ndipo utajua.

Weka akiba ya miezi mitatu ya matumizi. Usiuze vitu vyako vyote, mwachie ndugu kitanda. Usije ukiwa na deni la aplikesheni za mikopo, kwa sababu simu za wadai zina netiweki hata Sagalla. Na usije kukimbia mtu. Mji ni mdogo, utakutana na wewe mwenyewe kila kona.

Nikwambie jambo la mwisho. Mwezi uliopita nilipewa kazi Nairobi, ya ofisini, siku tano kwa wiki, na mshahara mara moja na nusu ya ninachopata sasa. Nilikaa na barua hiyo siku tatu. Mamangu alitaka niichukue, na mamangu si mjinga. Alisema ujana hauna marudio. Nilitoa kalamu nikaondoa kodi, nauli na chakula cha mchana, kikabaki kiasi kizuri tu, siwezi kukudanganya. Kisha nikaandika upande wa pili: siku 40.

Niliikataa. Huenda nimekosea. Kuna usiku ambao stima imepotea, maji hayapo na mteja hajalipa, ambapo naikumbuka ile barua na tumbo linanikaza. Lakini kesho yake jioni ninapopita kwenye ile kona, mama ananiuliza kama nimekula, nami namuuliza kama goti limepoa. Natembea dakika tano, nimefika kwangu, na jua bado lipo.

Hesabu yako si lazima ifanane na yangu. Inawezekana siku 40 zako zinakulipia kitu ambacho Voi haiwezi kukupa, na kama ni hivyo, kaa Nairobi bila kuona haya. Ninachokuomba ni kuipiga tu hiyo hesabu, kwa kalamu, kabla ya tarehe 5.

Ukishaipiga na ikakuuma, treni ni saa mbili asubuhi. Ukifika usipopapenda, ya kurudi pia ipo.